Atatembeaje? Swali Ambalo Mzazi wa Mwanafunzi wa Ng'ambo Haliulizi



Kila mwaka, kati ya mwezi wa Mei na Agosti, ofisi ndogo ya kamati ya msikiti wetu hupokea wageni wa aina moja. Ni wazazi ambao watoto wao wamepata nafasi ya kusoma ng'ambo. Huja kutaka barua ya utambulisho, au namba ya simu ya ndugu anayeaminika huko, au dua tu kabla ya safari. Maswali yao nimeyazoea. Chakula cha halali kinapatikana? Msikiti upo? Baridi inastahimilika? Waswahili wapo? Yote ni maswali ya haki, na mzazi asiyeyauliza huyo ndiye wa kushangaza. Lakini katika muda wote niliokalia kiti cha ukatibu sijamsikia mzazi akianza na hili: mwanangu atatembeaje? Atatokaje anapolala akafika anaposoma, anaposali na anaponunua unga, na usiku atarudije?

Swali hilo naliona ni mama wa maswali yale mengine. Msikiti ukiwepo, na bucha ya halali ikiwepo, na ndugu wakawepo, kisha kijana akawa hana namna ya kuvifikia, kwake yeye havipo. Aghalabu huwa tunadhani vijana wetu hupotea ughaibuni kwa fitina kubwa kubwa. Fitina zipo. Hata hivyo, katika wale ambao mimi nimefuatilia habari zao, upweke ndio uliotangulia, na chanzo cha upweke huo mara nyingi kilikuwa kitu kidogo cha aibu kukitaja: basi ambalo hakujua kulipanda, au nyumba iliyo mbali na kila kitu.

Ili tusizungumze hewani, nauchukua mji mmoja ambao vijana wetu kadhaa wamepita, na ambao habari zake nimezikusanya kwao na katika ramani na ratiba zinazotolewa kwa ajili ya wakazi wake. Kwa hakika ni miji miwili iliyoshikana, Champaign upande wa magharibi na Urbana upande wa mashariki, katika jimbo la Illinois nchini Marekani. Katikati, juu ya mpaka wenyewe, kimekaa Chuo Kikuu cha Illinois, kilichoanzishwa mwaka 1867, chenye wanafunzi zaidi ya 50,000, na miongoni mwao wale waliotoka nchi za nje wanazidi 10,000. Msomaji asidhani nazungumzia Chicago. Chicago iko kaskazini yake, umbali wa kilomita zipatazo 220, na njia nzima ni mashamba ya mahindi na soya, ardhi tambarare iliyotandikwa kama mkeka. Nimeuchagua kwa kuwa ndio sura ya miji mingi ya vyuo nchini humo: ndani ya eneo la chuo mambo yote yako karibu, na ukitoka kidogo tu nje yake mji umejengwa kwa ajili ya mwenye gari. Una nasaba na sisi pia. Chuo hicho kimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na Wakongo wengi wamehamia mjini hapo, hata mwanafunzi wetu hashangai kukisikia Kilingala, Kifaransa, na mara moja moja Kiswahili, katika kiti cha nyuma ya chake.

Kwanza ardhi yenyewe. Sisi huelekezana kwa alama: ukifika kwenye mwembe kata kushoto, uliza kwa fundi baiskeli, nyumba ya pili yenye geti la bluu. Kule mitaa imepangwa kama nyuzi za wavu, mingine ikienda kaskazini na kusini, mingine mashariki na magharibi, na watu huelekezana kwa pande nne za dunia. Anayetembea kuelekea mashariki kutoka Champaign huhesabu Mtaa wa Kwanza, wa Pili, mpaka wa Sita. Kisha Wright, ambao ndio mpaka wa miji miwili. Kisha Mathews, Goodwin, na hatimaye Lincoln, ambako ndiko ulipo msikiti, Central Illinois Mosque and Islamic Center. Barabara iitwayo Green hukata katikati ya chuo kutoka upande hadi upande. Kijana akizishika nyuzi hizo chache kichwani, hapotei mchana wala usiku, hata simu ikimzimikia.

Hapa mwanafunzi wa madrasa ana nafuu ambayo hajui kuwa anayo. Tangu utoto amezoeshwa kuuliza upande kabla ya kufanya jambo. Ila aangalie, kibla chenyewe kimehama. Kwetu Dar es Salaam Makka iko kaskazini karibu sawasawa; kule Illinois kibla ni kaskazini-mashariki, jambo linalowashangaza wengi waliozoea ramani bapa ya ukutani, ambayo huwafanya wadhani ni mashariki moja kwa moja au hata chini yake. Akishajua kibla cha chumba chake, ameshajua kaskazini, na akishajua kaskazini ameshajua basi la kupanda, kama nitakavyoeleza.

Kabla ya basi, jambo la hatari zaidi. Sisi tuliorithi kanuni za barabara za Waingereza huendesha kushoto. Marekani huendesha kulia. Mtu anapoisoma sentensi hiyo huona ni habari ya madereva, kumbe inamhusu mwenda kwa miguu kuliko yeyote. Shingo yetu imefundishwa miaka ishirini kwamba gari la kwanza hutokea kulia. Ndiyo tabia ya mwili, haiombi ruhusa ya akili. Kule gari la kwanza hutokea kushoto. Mgeni husimama ukingoni, akageuza uso kulia, akaona kweupe, akashuka barabarani, na gari linamjia kutoka upande ambao hakuutazama. Kisha kuna hili jingine: taa nyekundu inapowaka, dereva wa kule, akishasimama, kwa kawaida huruhusiwa kukata kulia iwapo njia ni nyeupe na hakuna kibao kinachomkataza. Kwa hiyo alama ya mtu anayetembea inaweza kuwaka kwa ajili yako ilhali kuna gari linalokunja juu ya kivuko hichohicho. Sheria ya jimbo humtaka dereva asimame kwa aliye ndani ya kivuko, na madereva wa mji wa chuo wamezoea wanafunzi. Lakini sheria haimfufui mtu. Mzazi ambaye humwusia mwanawe mambo arobaini uwanja wa ndege, na aongeze la arobaini na moja: tazama kushoto kwanza.

Sasa basi. Mabasi ya miji hii huendeshwa na mamlaka ya umma ambayo wenyeji huiita kwa herufi zake, MTD. Tangu mwaka 1989 wanafunzi huchangia usafiri huo ndani ya ada zao, na kwa sababu hiyo mwanafunzi hupanda basi lolote la mamlaka hiyo, aende popote linapofika, kwa kuonyesha kitambulisho cha chuo. Mtu baki hulipa nauli ya dola 1. Zaidi ya hayo, vituo vya eneo la chuo vilivyoandikwa iStop humruhusu yeyote apande bure bila kuonyesha chochote, hivyo hata kijana aliyefika jana, ambaye kitambulisho chake hakijatoka, anaweza kuanza. Nawaomba wazazi waitafakari habari hii kama watu wa hesabu: fedha ya usafiri wa mwanao umeshailipa ndani ya karo. Akipanda au asipopanda, imeshakwenda.

Mbona basi wapo wasiopanda? Kwa sababu basi la kule halifanani na letu hata kidogo, na kijana mwenye shahada huona haya kuuliza jambo ambalo mtoto wa miaka tisa analijua. Hakuna konda. Hakuna anayening'inia mlangoni akikuita, wala akikuuliza unashukia wapi. Ukipaza sauti "Shusha!" watu watageuka wakutazame. Unapanda kwa mlango wa mbele, unaonyesha kitambulisho, unakaa. Kituo chako kinapokaribia unavuta kamba iliyopita juu ya madirisha, na kengele hulia. Usipoivuta, na kituoni pasiwe na mtu wa kupanda, dereva atapita, naye hana kosa. Unaposhuka unamshukuru. Ni adabu yao, na ni nzuri. Daladala zetu zingefaidika nayo.

Kosa linalowapata karibu wageni wote waliotoka nchi za kuendesha kushoto ni kupanda basi sahihi linalokwenda upande usio sahihi. Sababu ni ileile ya shingo. Kwetu, anayetaka kwenda kaskazini husimama upande wa magharibi wa barabara. Kule anapaswa kusimama upande wa mashariki. Kijana huona jina la njia aliyoelekezwa, akaruka ndani kwa furaha, na baada ya robo saa anajikuta mwisho wa mji. Dawa ni kusoma kipaji cha basi mpaka mwisho wake, kwani hapo huandikwa pia upande linakoelekea: N ni kaskazini, S kusini, E mashariki, W magharibi. Ndiyo maana nikasema ajue kibla cha chumba chake.

Lipo na fumbo la namba. Njia za mabasi hayo zina namba na jina, na mengi ya majina ni rangi. Njia ya Kijani ni namba 5 mchana wa siku za kazi. Ikifika jioni, na siku za Jumamosi na Jumapili, huwa 50. Njia ya Njano ni 1 mchana na 100 jioni. Illini, ambayo huzunguka chuoni, ni 22 na 220. Sifuri ile si pambo. Inamwambia abiria kwamba ratiba imebadilika, kwamba basi huenda likapita kwa nadra zaidi, na kwamba njia yenyewe yaweza kutofautiana na ya mchana. Mgeni anayesimama saa mbili usiku akilisubiri basi namba 5 atasubiri mpaka asubuhi. Vijana wa leo wana programu za simu zinazowaonyesha basi liko wapi na litafika baada ya dakika ngapi, na hizo ni rehema. Lakini simu huishiwa chaji, na kwenye baridi kali huishiwa upesi zaidi. Ratiba ya karatasi mfukoni haina betri.

Na ajue mapema siku ambazo basi halipo. Chuo kinapofungwa, mabasi yanayozunguka chuoni hupunguzwa, na siku za sikukuu zao kubwa, mfano Krismasi, huduma husimama kabisa. Wenyeji hawaoni taabu, kwa kuwa siku hizo wako kwao. Mwanafunzi wa kigeni ndiye anayebaki katika bweni tupu, maduka ya jirani yamefungwa, barabara haina basi. Akijua wiki mbili kabla, hununua chakula akaweka, au hupatana na ndugu wa msikitini. Asipojua, hula biskuti siku mbili, na anapopigiwa simu kutoka nyumbani husema, "Alhamdulillah, sijambo, mama."

Nije kwenye usiku, na hapa nazungumza hasa na wazazi wa mabinti. Suala la binti kusafiri na kukaa mbali bila mahram wanazuoni wetu wamelizungumza kwa upana na wana kauli zao. Safu hii si mahali pa kulikata. Ninachosema ni kwamba wapo mabinti ambao wameshakwenda, kwa idhini za wazazi wao, na aliyeshakwenda hatusaidiki kwa kumwacha na hofu tu. Maktaba za chuo hukaa wazi mpaka usiku, na maabara hazijali jua limetua lini. Kwa ajili hiyo ipo huduma iitwayo SafeRides, ambapo MTD huwachukua usiku bila malipo watu wanaosafiri peke yao au wachache pamoja, ndani ya mipaka maalumu, pale ambapo hakuna basi la kawaida la kuwafikisha. Na ipo SafeWalks ya polisi wa chuo: mwanafunzi hupiga simu, akaja mtu wa kumsindikiza kwa miguu mpaka mlangoni. Mama mmoja nilipomsimulia haya aliniuliza swali la busara sana: "Katibu, na hiyo namba ya simu anayo, au anajua tu kuwa ipo?" Hilo ndilo la kuuliza. Namba iingizwe kwenye simu siku ya kwanza, na ijaribiwe wiki ya kwanza, usiku ambao hakuna haja, ili usiku wa haja usiwe wa kujifunza.

Baridi nayo ibadilishe fikra ya umbali. Sisi hupima njia kwa kilomita. Kule mwezi wa Januari hupimwa kwa dakika za kusimama nje. Usiku wa majira hayo kwa kawaida hushuka chini ya sifuri, na ziko siku hushuka mno kiasi kwamba masikio yasiyofunikwa huwa hatarini. Kwa sababu nchi ni tambarare, upepo hauna wa kuuzuia. Barafu nyembamba hujificha juu ya lami ikaonekana kama maji tu, na mtu akiikanyaga kwa viatu vya soli laini huanguka vibaya. Ushauri wa vijana waliopita huko ni mmoja: usihangaike kutafuta koti hapa. Makoti mengi ya marobota yetu ya mitumba yalitoka hukohuko, na yaliyofika Karume si yale yaliyoshonwa kwa ajili ya Illinois. Anunue kule, kabla ya Novemba, na fedha aliyotaka kuitumia kwa koti aiweke kwenye viatu.

Pamoja na baridi, mchana nao huwa mfupi. Hapa Magharibi huingia kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima, na tunapanga maisha bila kulifikiria. Kule mwezi wa Juni jua hutua karibu saa mbili na nusu usiku, na Disemba hutua saa kumi na nusu jioni. Isitoshe, saa za ukutani husogezwa mbele saa moja mwezi wa Machi na kurudishwa nyuma Novemba. Kijana aliyekuwa akirudi chumbani Oktoba akasali Alasiri kwa raha, hujikuta Disemba Alasiri na Magharibi zote zimeingia ndani ya kipindi kimoja cha maabara. Hapo ndipo ujuzi wa njia unapomfaa. Anayejua ni chumba gani tulivu kilicho karibu na darasa lake, na ni dakika ngapi kutoka hapo kwenda na kurudi, hapitwi. Na kutoka majengo ya uhandisi hadi msikiti wa barabara ya Lincoln ni mwendo wa miguu wa dakika kumi hivi, basi hata halihitajiki. Saa ya khutba aiulize msikitini, tena aiulize upya kila saa za ukutani zinapobadilishwa.

Sasa nifike mahali ambapo mimi na baadhi ya wazazi hatukubaliani. Hupita miezi michache, kijana huandika nyumbani: Baba, hapa bila gari hakuna maisha. Na baba, ambaye hataki mwanawe adhalilike mbele ya watoto wa watu, huuza kiwanja au huzungusha daftari kwa ndugu. Nimeshaombwa kuitangaza michango ya namna hiyo baada ya sala, na nimekataa. Sikatai gari kwa mwenye mke na watoto wadogo, wala kwa mwenye udhuru wa maradhi au ulemavu. Nakataa liwe jambo la kwanza. Bei ya gari ni mlango tu. Bima ni lazima kisheria katika jimbo hilo, maegesho ya chuoni ni ya kulipia, matairi na betri vinapigwa na baridi, na gari la bei ya mwanafunzi huwa limekwishachoka kabla hajalishika. Akikosa fedha taslimu atapewa mkopo wenye riba, na watakaompa watatabasamu sana siku hiyo. Kisha gari humtaka alilishe, na hapo ndipo penye shimo lenyewe.

Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 huruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo tu, si zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea. Kazi ya nje ya chuo huhitaji idhini maalumu. Kubeba abiria kwa programu za simu, au kupeleka vyakula majumbani kwa gari lake mwenyewe, ni kazi ya nje. Wenzake wenyeji hufanya, na humwambia kila mtu anafanya. Lakini wenyeji hawawezi kurudishwa kwao, kwa sababu wako kwao. Yeye akigundulika anaweza kuipoteza haki ya kukaa na kusoma, pamoja na karo zote zilizokwishalipwa. Kiwanja kiliuzwa ili asome. Gari likinunuliwa kwa jina la masomo laweza kuyamaliza masomo.

Jibu la "bila gari hakuna maisha" lingepaswa kutolewa mapema zaidi, siku ya kuchagua nyumba. Yupo kijana wa jamaa yetu, aliyekuwa akiadhini Alfajiri hapa kwetu tangu akiwa sekondari. Alipokwenda kwa shahada ya pili alipata chumba cha bei nafuu mno nje ya mji, na wote tulimsifu kwa ubahili wake. Basi lilipita huko kwa nadra, na Jumapili kwa nadra zaidi. Mwanzoni alipata lifti za wanafunzi wenzake wawili; walipohama, akabaki. Kufikia Februari baba yake alinijia, uso umemshuka, akaniambia mtoto hapigi simu na akipigiwa hana maneno. Nilizungumza naye usiku mmoja, kwake ikiwa mchana. Nilijiandaa kwa nasaha nzito. Akanijibu, "Sheikh, Ijumaa naifikia kwa kuomba lifti, na nimechoka kuomba." Hapakuwa na zaidi ya hilo. Mkataba wa pango ulikuwa wa miezi 12, kama ilivyo kawaida huko, na asingeweza kuuvunja bila kulipa. Agosti iliyofuata alihamia chumba kidogo zaidi na cha bei kubwa zaidi, karibu na Lincoln. Akahesabu: nyongeza ya kodi ilikuwa ndogo kuliko alichokuwa akilipia teksi za dharura. Tangu hapo baba yake analalamika kwamba simu zake ni ndefu.

Kwa hiyo kabla mzazi hajatuma fedha ya pango, amtake mwanawe amjibu kwa maandishi: kituo cha basi kiko hatua ngapi kutoka mlangoni, basi hilo hupita kila baada ya muda gani mchana, na la mwisho usiku ni saa ngapi, Jumapili je? Kutoka hapo mpaka msikitini ni dakika ngapi, na mpaka dukani? Kijana asiyeweza kujibu hajakodi nyumba, amekodi picha. Ratiba na ramani zote zinapatikana kabla hajaondoka Dar es Salaam, na kwa kuwa mitaa ni ya mraba, njia anaweza kuisoma akiwa amekaa barazani kwao.

Limebaki la siku ya kufika. Mwenye viza ya F-1 haruhusiwi kuingia Marekani mapema zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza masomo iliyoandikwa kwenye fomu yake ya I-20, basi tiketi ya ndege isinunuliwe kabla tarehe hiyo haijasomwa. Pasipoti na fomu hiyo vikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe visiwekwe ndani ya sanduku linalopakiwa chini ya ndege, kwani ataulizwa kabla hajaliona sanduku lake. Wengi hushukia uwanja wa O'Hare, Chicago. Kutoka hapo yapo mabasi ya moja kwa moja hadi chuoni, na kwa mgeni aliyechoka hayo ndiyo mepesi. Anayependa treni huchukua ya mji, ile ya Njia ya Bluu, mpaka kituo cha Clinton, akatembea mitaa miwili mpaka Union Station, kisha treni ya Amtrak kuelekea kusini, mwendo wa saa mbili na nusu hivi. Atashukia Illinois Terminal, Champaign, ambapo treni na mabasi ya mji hukutana mahali pamoja.

Asilale ndani ya treni. Champaign si mwisho wa safari; treni zile huendelea hadi Carbondale, na mojawapo hufika hadi New Orleans, na hakuna atakayemwamsha.

Juma lijalo, inshaAllah, nitajibu barua mbili zilizoletwa kuhusu bima ya afya ya wanafunzi. Wazazi wanaosafirisha vijana mwezi wa Agosti wanakaribishwa ofisini baada ya sala ya Alasiri, siku za Jumanne na Alhamisi, na waje na vijana wenyewe.